Usimuulize faida yake: kuwapeleka wanafunzi kwenye biashara za Pemba

Swali la kwanza la mwanafunzi wa kidato cha tatu akifikishwa kwenye biashara ya mtu ni hili: "Kwa mwezi unapata faida kiasi gani?" Na jibu ni lile lile, iwe Wete au Mkoani, kwa muuza nguo au kwa seremala: "Alhamdulillahi, riziki inapatikana." Hapo mazungumzo yamekwisha. Mwanafunzi hakukosea kutaka kujua, ila amebisha mlango usiofunguliwa. Faida ya mtu ni siri ya nyumba yake. Kuna kodi, kuna jirani mwenye jicho, kuna jamaa wanaongoja kukopeshwa. Na mara nyingi mwenyewe hajui, kwani hajawahi kukaa akaihesabu.

Sisi tunaosomesha biashara na kuwatoa wanafunzi nje ya skuli tumejifunza kuliacha swali hilo nyumbani. Mahali pake tunauliza vipimo. Sukari kilo ngapi kwa sufuria moja? Unainunua kwa polo, yaani gunia zima, au kwa kilo? Sufuria moja linapikwa kwa saa ngapi, na watu wangapi? Linatoa kilo ngapi? Ngapi huuzwa siku ya kwanza na ngapi hulala? Haya mtu huyajibu kwa furaha, kwa sababu ni ufundi wake na hakuna aliyewahi kumuuliza. Bei za vitu wanafunzi wanazipata wenyewe sokoni. Faida wataipiga hesabu darasani, bila ya kumbana mtu.

Kila ninachoeleza hapa chini kimesimama juu ya hilo. Ziara yenye vipimo ni somo. Ziara isiyo na vipimo ni matembezi, na matembezi ya watoto 60 kwenye gari moja ni mzigo kwa kila mtu.

Wanafunzi 12 ndio wengi kabisa kwa jiko au karakana ya kawaida ya hapa kwetu. Ukipita hapo, wa nyuma hawaoni, wanaanza kuzungumza, na mwenye kazi anaanza kuangalia mlango. Tunawagawa wanne wanne. Katika kila kundi mmoja anashika mizani au futi, mmoja anaandika, mmoja ndiye pekee anayeuliza, na mmoja anaangalia saa: kazi ilianza lini, ilisimama lini, na kwa nini. Huyu wa saa huonekana hana kazi, lakini daftari lake ndilo linalogombaniwa kesho yake, maana muda ndicho kitu ambacho wafanyabiashara wetu hawakihesabu kabisa. Darasa lina 48? Basi ni ziara nne katika wiki nne, au biashara nne tofauti siku moja, kila moja na mwalimu wake.

Kabla ya hapo mwalimu aende peke yake, wiki moja mbele, apige hodi, akae. Barua ya skuli ni lazima, na kibali cha ofisi ya elimu ya wilaya ni lazima, na kama ni ufukweni au shambani sheha wa shehia apewe habari. Lakini barua haiombi kama mtu anavyoomba. Katika kikao hicho mwalimu anajua mambo ambayo karatasi haisemi: siku gani kazi nzito inafanyika, saa ngapi moto unawashwa, wapi watoto wasisimame, na jambo gani mwenyewe hataki liguswe. Wapo wenye mchanganyiko wa viungo wasiotaka uandikwe. Hiyo ni haki yao. Mwanafunzi ataandika "viungo" na bei yake kwa jumla, basi.

Siku za kuepuka zinajulikana na kila mtu hapa, ila mara nyingi ratiba ya skuli huzisahau. Mwezi wa Ramadhani majiko mengi hayapiki mchana. Wiki ya kuelekea Iddi wapishi wa halua na mafundi cherehani hawana nafasi hata ya kuitikia salamu. Ijumaa kazi huvunjika mapema. Na ziara iishe kabla ya adhuhuri, au iwe na mahali pa kuswali palipoulizwa mapema.

Nitaanza na jiko la halua, kwa sababu ndilo darasa zuri kuliko yote kwa hesabu za gharama. Vitu ni vichache, kila kimoja kinapimika, na kazi huanza na kumalizika mbele ya macho ya mwanafunzi asubuhi moja.

Halua ni wanga, sukari, maji, samli na viungo: iliki, kungumanga, na zafarani kwa anayeimudu. Kwa kawaida sukari huwa mara tatu hadi nne ya uzito wa wanga. Wanga huvurugwa kwanza kwa maji baridi mpaka usione punje. Ukitiwa kwenye maji ya moto moja kwa moja hufanya madonge ambayo hayavunjiki tena, na sufuria zima limeharibika. Sukari huyeyushwa kwa maji motoni, wanga uliovurugwa humiminwa polepole huku mwiko unakwenda, na tangu hapo mwiko hausimami. Kwa saa mbili hadi tatu mtu anakoroga, anabadilishana na mwenzake, na samli inaongezwa kidogo kidogo. Ikiachwa dakika chache, chini inashika, na harufu ya kuungua hupanda kwenye sufuria lote, haitoki hata kwa iliki.

Mwambie mwanafunzi wa saa atazame mwisho. Mwanzo halua ni uji mweupe. Katikati inakuwa nzito, inang'ara, inavutika. Inapokaribia kuiva huachana na ubavu wa sufuria, inazunguka na mwiko kama donge moja, na samli iliyokuwa imemezwa inaanza kutoka pembeni. Hapo mpishi huchota kidogo, huipoza, huibonyeza kwa vidole. Ikinata vidoleni bado. Ikiepuliwa mapema ina ladha ya wanga mbichi na haikai. Ikizidi inakuwa ngumu, inatafunwa kama mpira. Baina ya mapema na kuzidi ni dakika chache, na dakika hizo ndizo anazolipwa mpishi. Tunawataka wanafunzi waandike hivyo hivyo kwenye daftari: sufuria lilihitaji saa mbili na nusu za mikono, na dakika kumi za ujuzi.

Hesabu sasa. Bei nitakazotaja ni za mfano, za kufundishia tu. Bei za kweli wanafunzi wazichukue sokoni asubuhi ile ile, kwenye maduka mawili tofauti. Tuseme sufuria moja lina sukari kilo 12 kwa shilingi 2,800, jumla 33,600. Wanga kilo 3 kwa 3,000, jumla 9,000. Samli kilo 2 kwa 16,000, jumla 32,000. Viungo 15,000. Kuni 8,000. Vifungashio 6,000. Vibarua wawili wa kukoroga, 10,000 kila mmoja, jumla 20,000. Yote pamoja ni 123,600. Halua ikatoka kilo 20. Kilo moja imemgharimu mpishi 6,180, anaiuza 8,000. Mwanafunzi anapiga, 160,000 toa 123,600, anapata 36,400, anafurahi na anataka kuacha skuli akapike halua.

Mwalimu asimkatize. Amwache afurahi, kisha amrudishe kwenye daftari. Kilo 20 zote zimeuzwa? Kilo moja ilikwenda kwa wateja wa kuonja. Kilo mbili alipewa mwenye duka kwa mali kauli, auze kwanza ndipo alipe, na hazijalipwa. Basi zilizorudi kuwa fedha ni kilo 17, yaani 136,000, na kilichobaki mkononi ni 12,400. Katika hizo 12,400 kodi ya chumba imo? Sufuria litanunuliwa lini tena, na kwa fedha ipi? Na mpishi mwenyewe, aliyesimama jikoni tangu saa moja asubuhi, amelipwa na nani? Hapa darasa hunyamaza. Hakuna aliyewahubiria, ni namba zao wenyewe. Tumejaribu kueleza tofauti ya faida na fedha mkononi ubaoni kwa vipindi vitatu bila ya kueleweka, na kilo mbili za mali kauli zikaieleza kwa dakika tano.

Lipo na la upande wa pili, maana hatutaki wanafunzi watoke wamevunjika moyo. Waulize: akinunua sukari kwa polo la kilo 50 badala ya kilo, anaokoa kiasi gani kwa kila sufuria? Akipika masufuria mawili kwa siku, kodi ya chumba inagawika vipi? Akifunga robo kilo kwenye kifungashio kizuri na kumuuzia msafiri bandarini Mkoani, bei inapanda kwa kiasi gani, na kifungashio kinakula kiasi gani cha nyongeza hiyo? Mitaji mingi midogo huokolewa au huzama kwenye mambo haya matatu: kununua kwa wingi, kugawa gharama zisizobadilika, na kifungashio.

Mwanafunzi asiondoke bila ya kusoma ukuta. Biashara iliyo rasmi hutundika karatasi zake, na ukuta ule ni kipindi kizima cha uraia. Kuna leseni ya biashara. Kuna cheti cha kusajili jina kutoka Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA. Kuna cheti cha mlipakodi cha Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, ambayo wazee bado wanaiita ZRB kwa jina lake la zamani. Penye chakula utakuta na karatasi ya Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA. Bidhaa yenye alama ya ubora, hiyo ni ya Taasisi ya Viwango, ZBS. Wanafunzi waandike jina la kila karatasi, nani ameitoa, na inakwisha lini. Pasipo na karatasi wasiulize kwa nini. Wajasiriamali wengi wadogo wako njiani tu kuelekea huko, na kumfedhehesha mtu mbele ya watoto ni kufunga mlango kwa skuli zote zitakazokuja baada yenu.

Na muwe mnanunua. Watoto 12 wakionjeshwa wanakula karibu nusu kilo. Mwenye jiko hatasema kitu, atasema karibuni tena, lakini nusu kilo ni shilingi 4,000 na saa zake mbili amezitoa bure. Skuli iweke fungu la kununua angalau kilo moja kwa bei kamili, bila ya kuomba punguzo.

Mwani ni habari nyingine, na kinachowashinda wengi si mwani wenyewe, ni saa. Skuli inaandika barua, "tutafika Jumatano saa tatu," na Jumatano hiyo ni maji mafu, siku ambazo bahari haitoki sana. Shamba limefunikwa, wakulima wako majumbani, wanafunzi wanaangalia bahari na kurudi. Mkulima wa mwani hafuati Jumatano, anafuata mwezi. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku mbili tatu baada yake, maji kwenye fukwe zetu hutoka kabisa kiasi cha saa nne asubuhi. Kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Basi hesabu yako ianze kwenye kalenda ya mwezi, ndiyo uiandike barua. Fikeni saa moja kabla ya maji kutoka kabisa, mwende yakitoka. Yakianza kujaa mwalimu hana ubishi, watoto wote juu. Nafasi yenu ni kama saa mbili na nusu. Viatu vya plastiki ni lazima, kwani chini kuna miba na makombe makali, na suruali chini ya buibui huwasaidia sana wasichana.

Kilimo hiki kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, kikaanzia pwani ya mashariki ya Unguja. Leo sehemu kubwa ya mwani wetu inatoka Pemba, na wanaoulima wengi sana ni wanawake. Aina ni mbili, spinosamu na kotoni. Kotoni ina bei nzuri zaidi, lakini haivumilii joto la maji ya kina kifupi, ndiyo sababu maeneo mengi imekufa na wakulima wamebaki na spinosamu. Mwanafunzi aliyesoma mabadiliko ya tabianchi kwenye kitabu ataliona hapa kwa bei ya kilo.

Kipimo cha kuchukua ni kamba moja. Vigingi viwili, kamba ya mita 4 hivi, na miche imefungwa kwa taitai, vijiuzi vya plastiki, kila baada ya sentimita 20. Hiyo ni miche 20. Kila mche ni gramu 100 hivi, kwa hiyo mbegu ni kilo 2. Baada ya wiki sita, msimu ukiwa mzuri, mche unaweza kufika kilo moja, na kamba ikatoa kilo 20 mbichi. Kilo 2 zinarudi baharini kuwa mbegu, 18 zinakwenda kuanikwa. Mwani hupoteza maji mengi sana, kilo 7 hadi 10 mbichi hutoa moja kavu. Kwa kugawa 8, kamba moja imeleta kilo 2 na robo. Kamba 50 zimeleta kilo 112 na nusu. Sasa wanafunzi waulize bei ya siku hiyo, wakumbuke kwamba kwa miaka mingi kilo ya spinosamu kavu iliuzwa kwa shilingi mia chache tu, kisha waigawe jumla ile kwa siku ambazo mama huyu aliingia majini katika wiki sita. Hesabu hiyo wasiimalize mbele yake. Waimalize skuli.

Jambo moja lisikose: nunueni kilo moja ya mwani mbichi, mwende nayo. Mwaniko ufanywe skuli, nusu kwenye uchaga wa wavu, nusu kwenye mchanga, na mizani ya jiko ipime kila siku saa ile ile. Siku ya tatu wanafunzi wana jedwali lao la ukaukaji, na wameona kwa macho kwa nini mnunuzi anaukataa mwani wa mchangani. Mvua ikinyesha katikati msiuondoe, wacheni nusu ya nusu inyeshewe. Maji ya mvua huosha chumvi, mwani hupauka na kupoteza ubora. Hasara hiyo ndogo inafundisha zaidi kuliko onyo lolote.

Waulize pia juu ya maradhi na maadui. Mwani unaopauka ukawa mweupe kwenye matawi na kukatika, wakulima wanauita ais-ais, na huja zaidi maji yakiwa ya moto au chumvi yake ikibadilika. Samaki wanaokula mwani, hasa tasi, humaliza ncha changa. Upepo mkali hukata taitai zilizochakaa. Mtaji wa mkulima umekaa kwenye kamba, na kamba iko baharini usiku na mchana bila ya mlinzi.

Baadhi ya vikundi husaga mwani na kutengeneza sabuni, na wanafunzi hupenda sana sehemu hii. Hapa mwalimu awe mkali. Sabuni hutumia kostiki soda, ambayo inaunguza ngozi na macho. Kostiki hutiwa kwenye maji, maji hayatiwi kwenye kostiki, kwani huchemka ghafla na kuruka. Chombo kisiwe cha alumini, kostiki inakila. Mwanafunzi akae mbali, mitandio ifungwe nyuma, na pasiwe na mtoto anayekoroga. Somo la biashara lililomo ni la muda: sabuni ya namna hii ikishakatwa hukaa kama wiki nne ndipo iuzwe. Malighafi imelipiwa leo, fedha inarudi mwezi ujao. Je, kikundi kinakula nini katikati? Swali hili waulizwe wanafunzi kabla ya kuulizwa wanakikundi.

Kwa wanaoishi karibu na Chake Chake, Kiwanda cha Makonyo cha Wawi ni ziara ya kwenda na mwalimu wa kemia. Kila mtoto wa Pemba amechambua karafuu, akatenga punje upande huu na makonyo upande ule. Punje ndiyo karafuu yenyewe. Kilo 3 mbichi zikianikwa vizuri juani hutoa kilo moja kavu, na zikipigwa na mvua hubadilika rangi zikashuka daraja. Makonyo ni kile kijiti kilichobaki. Kiwandani kijiti hicho hupitishwa mvuke, mvuke hubeba mafuta, hupozwa kwa maji mpaka ukawa majimaji tena, na mafuta hujitenga. Kilo 100 za makonyo hutoa mafuta kiasi cha kilo 5 au 6 tu. Mwanafunzi akisikia hivyo huona ni kidogo mno, mpaka akumbushwe kwamba mafuta hayo yanakwenda kwenye dawa za meno, manukato na dawa za hospitali, na chupa ndogo ni rahisi kusafirisha kuliko gunia.

Ombeni mwoneshwe tone. Gilasi mbili za kioo zenye maji: moja tone la mafuta ya makonyo, nyingine tone la mafuta ya mchaichai, ambao nao hukamuliwa kwa njia hiyo hiyo. La makonyo linazama, la mchaichai linaelea. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, na fundi asiyelijua hilo atafungua bomba la chini akidhani anamwaga maji. Gilasi iwe ya kioo kweli, maana mafuta ya karafuu yanakula baadhi ya plastiki, na yakigusa ngozi yanachoma. Swali zuri la kumuuliza fundi ni hili: maji ya kupozea yakikatika, nini kinatokea? Jibu ni kwamba mvuke unatoka nje pamoja na harufu, na harufu ile iliyojaa barabarani ni mafuta yanayopotea.

Tukiwa kwenye karafuu, kuna jambo la uchumi ambalo mwanafunzi wa Pemba anaweza kulipima bila ya gari wala kibali. Aende kwa muuza nguo, muuza baiskeli na muuza mabati, aulize mwezi gani wananunua mzigo mkubwa. Wote watamtajia msimu wa karafuu. Mahitaji ya mji mzima yanachumwa mikarafuuni, na mwaka karafuu zikiwa chache, duka la mabati linalijua kabla ya mtu yeyote.

Kuhusu ajira, kosa la ziara nyingi ni kumsikiliza mwenye biashara peke yake. Mwenyewe atasema alivyoanza na shilingi elfu kumi, watoto watapiga makofi, na kazi nyingine zote pale ndani hazitaonekana. Kila kundi lipewe mfanyakazi mmoja wa kumuuliza, kwa ruhusa, mambo manne: unaanza saa ngapi, ulijifunza wapi, unalipwa kwa siku au kwa kipande au kwa mwezi, na ukikosekana leo kazi gani inasimama. Usiulize kiasi, uliza namna. Kwenye karafuu mchumaji hulipwa kwa pishi. Kwa fundi cherehani ni kwa nguo. Kwenye kiwanda kuna mshahara wa mwezi na michango ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, na hapo ndipo wengi wanasikia kwa mara ya kwanza kwamba kuna mtu anawekewa akiba ya uzeeni.

Swali la nne ndilo lenye hazina. Utaambiwa akikosekana mwangalizi wa mwaniko, karafuu zitanyeshewa, maana yeye ndiye anayesoma wingu. Akikosekana fundi wa boila, kiwanda kizima kinakaa. Akikosekana anayeandika daftari la madeni, duka linaendelea kuuza na linafilisika bila ya kujua. Fundi wa boila, umeme, mabomba, mitambo ya kupozea, hizi ni kazi za kujifunza kwenye vituo vya mafunzo ya amali, na kwa Pemba kituo cha Vitongoji kiko karibu. Mwanafunzi aliyekwisha kuiona boila ikizimwa na watu 20 wakakaa chini, hahitaji tena mwalimu amshawishi kuhusu amali.

Kesho yake msiandikishe insha ya "ziara yetu". Andikisheni ukurasa mmoja: juu vipimo, katikati gharama, chini maswali matatu ambayo namba hazikujibu. Makundi yalinganishe. Kundi moja likipata kilo 18 na jingine 20 kwa sufuria lile lile, msipatanishe kwa kukisia, rudini kwenye daftari la saa na la mizani muone nani hakutoa uzito wa chombo. Kosa hili la kusahau uzito wa ndoo au karai ndilo la kawaida kuliko yote. Pima chombo kitupu kwanza, kiandikwe kwa wino ubavuni.

Kisha wanafunzi wanne warudi kwa mwenye biashara na ukurasa huo, ndani ya wiki mbili, siku asiyo na kazi nyingi. Wasiende na cheti cha shukurani chenye fremu. Waende na hesabu, wamsomee kwa sauti, kwani si kila mtu anapenda kukabidhiwa karatasi, na wamuulize, "Bi mkubwa, tumekosea wapi?" Atawasahihisha. Atasema kuni hazikuwa za 8,000, ni za 8,000 kiangazi na zaidi wakati wa masika kwa sababu zinakuja mbichi. Atasema wamesahau nauli ya kwenda Chake kuchukua vifungashio. Marekebisho hayo yaandikwe kwa kalamu ya rangi nyingine, ili kundi la mwaka ujao lione kipi kilionekana na wanafunzi na kipi kilijulikana na mpishi pekee. Nakala moja abakishiwe mwenyewe. Akitaka wamfungulie daftari la mauzo lenye safu tatu, tarehe, kilo zilizotoka na fedha zilizoingia, wamfungulie hapo hapo, na safu ya nne iwe ya mali kauli.